Ala zinalia, mwimbaji hasikiki

Maswali ya wasomaji kuhusu sauti kwenye Linux

Barua za safari hii zinagusa jambo moja: kompyuta inatoa sauti, magitaa yanasikika, lakini mwimbaji au mzungumzaji hayumo. Wengi walioandika walikwisha kusakinisha Linux upya, na hali ikabaki ile ile. Tunawasihi msifute kitu kabla ya kujua sauti imeishia wapi. Kwa kawaida kuna njia mbili tu. Ama chaneli ya kulia inaondolewa kutoka chaneli ya kushoto, kama hesabu ya kutoa, mahali fulani njiani, ama sauti ya mtu imepelekwa kwenye spika ambayo huna. Tiba ya njia moja haisaidii nyingine hata kidogo.

Swali: Natumia Linux Mint kwenye laptopu. Nikisikiliza nyimbo kwa hedifoni napata vinanda na mwangwi wa sauti kwa mbali, mwenyewe mwimbaji hayupo, na besi imekuwa dhaifu. Spika za laptopu ziko sawa. Nimeshaondoa na kurudisha programu za sauti bila mafanikio. Nifanye nini? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Ndugu msomaji, maelezo yako yanatosha kuelekeza kidole kwenye waya. Katika studio, mwimbaji huwekwa katikati, yaani kwa kiwango kile kile kushoto na kulia. Besi na ngoma kubwa huwekwa hivyo hivyo. Plagi ya hedifoni ya milimita 3.5 ina ncha inayobeba kushoto, pete inayobeba kulia, na shina ambalo ni waya wa pamoja wa kurudishia umeme. Waya huo wa pamoja ukikatika, au shina lisipogusa vizuri ndani ya tundu, umeme unaingia kwa upande mmoja na kutokea kwa upande mwingine. Kila sikio linapata kushoto toa kulia. Kilicho sawa pande zote kinajifuta, na kinachobaki ni vile vilivyotawanywa pembeni: magitaa, vinanda na mwangwi. Ndiyo maana umepoteza mwimbaji na besi kwa pamoja.

Thibitisha kwa kuandika amri hii moja kwenye terminali, wimbo ukiwa unacheza:

`pactl set-sink-volume @DEFAULT_SINK@ 60% 0%`

Inaacha kushoto na kunyamazisha kulia. Inafanya kazi kwenye PulseAudio na pia kwenye PipeWire, ambayo ndiyo mfumo wa kawaida wa sauti katika Fedora tangu toleo la 34, Ubuntu tangu 22.10 na Linux Mint tangu 22. Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye jibu.

Mwimbaji akirudi, tena akasikika katika masikio *yote mawili*, waya wa pamoja haushiki. Umeme wa kushoto unapita hedifoni ya kwanza, unarudi kupitia ya pili. Hakuna programu itakayotibu hilo.

Mwimbaji akirudi katika sikio la kushoto peke yake, waya ni mzima, na kosa liko kwingine baada ya kompyuta: spika iliyofungwa nyaya kinyume, miksa, au adapta.

Sikio la kushoto likiwa na sauti lakini mwimbaji bado hayupo, basi aliondolewa ndani ya kompyuta kabla ya kufika kwenye tundu. Soma majibu kuhusu filamu na kuhusu programu hapa chini. Na amri ikikataa ikisema chaneli zinazokubalika ni 6, nenda moja kwa moja kwenye jibu la filamu.

Kurudisha hali ya kawaida:

`pactl set-sink-volume @DEFAULT_SINK@ 60%`

Kwa upande wako tunatarajia jibu la kwanza. Anza na kilicho rahisi. Sukuma plagi hadi mwisho. Kava nene la laptopu au mfuko wa plastiki wa plagi huizuia kwa milimita moja tu, na milimita hiyo inatosha. Ivute nje kidogo huku ukiizungusha. Sauti ikienda na kurudi, tundu ni chafu au limelegea. Zima kompyuta, toa vumbi kwa kijiti cha meno cha mbao (si sindano, inapinda vishikio vya ndani), kisha pitisha pamba nyembamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, usubiri ikauke.

Kisha jaribu hedifoni hizo kwenye simu. Zikifanya vile vile, tundu la laptopu halina kosa. Ukiwa na mita, iweke kwenye omu na upime kwenye plagi. Kwa hedifoni za omu 32, ncha na shina zinasoma karibu 32, pete na shina karibu 32, ncha na pete karibu 64. Ukipata 64 kati ya ncha na pete, lakini shina halisomi chochote na upande wowote, waya wa pamoja umekatika. Mara nyingi ni sentimita mbili au tatu kutoka kwenye plagi, pale unapokunjwa kila siku. Kata juu ya hapo na ulehemu plagi mpya. Nyaya hizi nyembamba zina rangi ya kuhami: nyekundu kwa kawaida ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, ya shaba ni ya pamoja. Choma rangi hiyo kwanza kwa chuma cha kulehemu chenye risasi ya kutosha hadi waya ung'ae, la sivyo risasi itakaa juu yake bila kushika, na utarudi pale pale ulipoanzia.

Swali: Hedifoni zangu zina maiki. Nikibonyeza na kushikilia kitufe cha kupokelea simu, mwimbaji anarudi. Nikiachia, anapotea! Kitufe kinahusianaje na Linux? *Msomaji, Kisumu*

Jibu: Hakihusiani na Linux, ila kimekupa jibu kamili. Plagi yenye maiki ina sehemu nne, na kuna mipangilio miwili. Katika ule wa CTIA, unaotumika kwenye simu na laptopu nyingi za leo, mpangilio kutoka nchani ni kushoto, kulia, waya wa pamoja, maiki. Katika OMTP, uliokuwa kwenye simu nyingi za zamani, maiki na waya wa pamoja hubadilishana nafasi. Hedifoni za OMTP zikiingia kwenye tundu la CTIA, waya wa pamoja unaangukia kwenye maiki na haupati njia ya kurudi. Kitufe kazi yake ni kuunganisha maiki na waya wa pamoja, ndiyo maana ukikibonyeza njia inafunguka.

Dawa ni adapta fupi ya kugeuza OMTP kuwa CTIA. Adapta ile ya matundu mawili, moja la hedifoni na moja la maiki, si ya kugeuza mpangilio, kwa hiyo usiitegemee.

Ipo njia ya programu kwa baadhi ya laptopu. Kodeki (chipu za sauti) nyingi za Realtek zinaweza kubadilisha mpangilio zenyewe, ila kiendeshi, yaani programu inayoiongoza chipu, lazima kijue kwamba tundu lako ni la aina hiyo. Ona jina la kodeki kwa `grep Codec /proc/asound/card*/codec*`. Ikiwa ni Realtek, tengeneza faili `/etc/modprobe.d/sauti.conf` lenye mstari huu, kisha uwashe kompyuta upya:

`options snd-hda-intel model=dell-headset-multi`

Usiogope jina, mpangilio huo hufanya kazi hata kwa baadhi ya laptopu zisizo Dell. Mambo yakiharibika, futa faili na uwashe tena. Kama `lsmod | grep sof` inaonyesha kwamba laptopu yako inatumia kiendeshi cha SOF, mstari huo hautagusa kitu, nunua adapta tu.

Swali: Kanisani tunaunganisha laptopu kwenye miksa kwa waya wa 3.5 kwenda plagi kubwa ya 6.35. Ala za wimbo zinatoka, waimbaji hawatoki. Hotuba za video ndiyo hazitoki kabisa, kimya. Mwenye miksa anasema Linux ndiyo mbovu kwa sababu laptopu nyingine wanaitumia kwa waya mwingine bila shida. *Mtunza vyombo, Mbeya*

Jibu: Linux haina kosa hapa, na laptopu ya Windows ingefanya hivyo hivyo kwa waya huo. Amewajibu mwenyewe aliposema "waya mwingine".

Tundu la 6.35 la chaneli moja ya miksa mara nyingi ni ingizo la kusawazisha (balanced). Linapokea ishara ile ile mara mbili, moja ikiwa imepinduliwa, na kazi yake ni kutoa moja kutoka nyingine ili kelele iliyookotwa njiani ijifute. Kwa maiki na vifaa vya jukwaani hilo ni jambo zuri sana. Lakini laptopu haitumi ishara iliyopinduliwa. Inatuma kushoto kwenye ncha na kulia kwenye pete. Miksa, kwa uaminifu wake wote, inafanya kushoto toa kulia. Waimbaji wanapotea. Hotuba iliyorekodiwa kwa maiki moja iko sawa kabisa pande zote mbili, kwa hiyo jibu ni sifuri, na mnapata kimya. Waya wa 3.5 kwenda XLR, ile plagi ya maiki yenye pini tatu, unafanya kosa hilo hilo: kushoto kwenye pini ya 2, kulia kwenye pini ya 3.

Ikiwa ibada inaanza na hamna waya mwingine, tumieni amri ya kwanza ya safu hii:

`pactl set-sink-volume @DEFAULT_SINK@ 80% 0%`

Kulia kukiwa sifuri, miksa haina cha kutoa, na waimbaji wanarudi papo hapo. Mtakosa vilivyorekodiwa kulia tu, jambo ambalo kwa ukumbi wengi hawataligundua.

Suluhisho la kudumu ni waya wa 3.5 unaogawanyika kuwa plagi mbili za 6.35 *za sehemu mbili*, yaani ncha na shina bila pete. Ziingizwe kwenye chaneli mbili za miksa, panpoti (kitufe cha kuelekeza sauti kushoto au kulia) moja ikizungushwa kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa. Miksa ikiwa na chaneli ya stereo au matundu ya RCA, hayo ndiyo ya kutumia. Mkibaki na chaneli moja tu, fundi awatengenezee waya wa kuchanganya: kushoto kupitia rezista ya kilo-omu 1, kulia kupitia rezista nyingine ya kilo-omu 1, mbili hizo zikutane kwenye ncha, na shina liende kwenye shina. Asiunganishe kushoto na kulia moja kwa moja bila rezista. Matokeo mawili ya amplifaya yakikutana hivyo yanapigana, sauti inakwaruza, na chipu ya laptopu inapata joto bure.

Na kabla ya kuunganisha laptopu yoyote kwenye tundu la XLR, hakikisheni umeme wa volti 48 wa maiki umezimwa kwenye chaneli hiyo.

Swali: Filamu nyingi nikiangalia, muziki na milipuko vinanguruma lakini watu wanaongea midomo tu. Nyimbo za kawaida hazina tatizo. Kompyuta ya mezani, spika mbili. *Msomaji, Tanga*

Jibu: Hii ndiyo ile njia ya pili. Hakuna kilichofutwa, mazungumzo yamepelekwa kwenye spika ambayo hujanunua. Filamu nyingi zina chaneli sita, mfumo unaoitwa 5.1: kushoto, kulia, katikati, besi, na mbili za nyuma. Mazungumzo karibu yote huwekwa katikati. Kompyuta yako ikiamini una spika sita, inatuma katikati kwenye tundu lake na kuendelea na kazi. Nyimbo ni za chaneli mbili, kwa hiyo hazikuonyeshi tatizo.

Angalia mambo mawili. Kwanza filamu yenyewe:

`ffprobe -hide_banner filamu.mkv`

Kwenye mstari wa Audio, ukiona 5.1 badala ya stereo, ndiyo hiyo. Kisha kompyuta:

`pactl list short sinks`

Ikionyesha 6ch kwenye mstari wa kadi yako, umempata mkosaji. Fungua programu ya pavucontrol, nenda kwenye kichupo cha Configuration, na badala ya Analog Surround 5.1 chagua Analog Stereo Duplex au Analog Stereo Output. Kwa amri, pata jina la kadi kwa `pactl list short cards`, kisha:

`pactl set-card-profile alsa_card.pci-0000_00_1f.3 output:analog-stereo`

Weka jina la kadi yako badala ya hilo. Baada ya hapo mfumo wenyewe utakunja chaneli ya katikati ndani ya kushoto na kulia. Ukitumia televisheni kwa HDMI, tatizo ni lile lile na wasifu wa kuchagua ni `output:hdmi-stereo`. PipeWire ikikurudishia ule wa zamani kila ukiwasha, futa kumbukumbu yake iliyo katika `~/.local/state/wireplumber` na uanzishe upya:

`systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`

Kwa kuwa kompyuta yako ni ya mezani, hebu pia utazame nyuma. Tundu la kijani ndilo la spika za mbele. La rangi ya chungwa ni la katikati na besi, jeusi ni la nyuma. Aliyechomeka spika mbili kwenye la chungwa atasikia mazungumzo upande mmoja na mngurumo mwingine.

Iko hali ya tatu inayochanganya watu: mazungumzo yapo lakini ni mnong'ono. Programu zinapokunja chaneli sita kuwa mbili hupunguza kila moja ili sauti isipasuke, na katikati hupungua pia. Kama filamu unaipenda na utaiangalia tena, itengenezee sauti mpya yenye katikati iliyopewa uzito:

`ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -af "pan=stereo|FL<FC+0.6*FL+0.4*SL+0.4*BL|FR<FC+0.6*FR+0.4*SR+0.4*BR" filamu-mpya.mkv`

Picha haiguswi, kwa hiyo kazi inakwisha kwa dakika chache. FC ndiyo katikati. Ukitaka mazungumzo yapande zaidi, shusha 0.6 iwe 0.4. Kwa kuangalia tu bila kubadilisha faili, `mpv --audio-channels=stereo filamu.mkv` inatosha.

Swali: Mimi hata kwenye spika za laptopu mwimbaji hayupo, na kwa Bluetooth pia hayupo. Lakini kwenye kivinjari nyimbo hizo hizo ni nzima. *Msomaji, Zanzibar*

Jibu: Umeshaondoa waya kwenye orodha ya watuhumiwa, kwa sababu Bluetooth haina plagi ya kukatika. Na kwa kuwa kivinjari ni kizima, kosa liko ndani ya programu unayochezea nyimbo. Audacious ina kiongezi kinachoitwa Voice Removal. Kiko kwenye mipangilio, sehemu ya Plugins, kichupo cha Effect. VLC ina kichujio cha karaoke kwenye mipangilio yote ya Audio, chini ya Filters. Vyote viwili vinafanya kushoto toa kulia kwa makusudi, kwa wanaotaka kuimba wenyewe, na huachwa vimewashwa na mtu mwingine aliyetumia kompyuta. Ondoa alama.

Kama hata kivinjari kingekuwa kibovu, tungekuambia ufunge EasyEffects kwa `easyeffects -q`, kwa sababu hiyo inapitisha sauti ya programu zote, na kifaa chake cha Stereo Tools kinaweza kupindua upande mmoja. Angalia pia kama kwenye folda yako ya nyumbani kuna faili la mipangilio ya sauti, `~/.asoundrc`. Mafunzo mengi ya zamani yaliwafundisha watu kulibandika bila kueleza lilikuwa la nini. Libadilishe jina, jaribu tena, na usilifute hadi uhakikishe.

Swali: Nilirekodi mahojiano kwa maiki ya XLR kupitia waya wa kuingia kwenye tundu la 3.5 la kinasa sauti. Kwa hedifoni yanasikika, ila kama yanatoka nyuma ya kichwa. Nikiyatuma kwa simu, wapokeaji wanasema hakuna kitu. Je, nirudie mahojiano? *Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Nairobi*

Jibu: Usirudie, sauti yote ipo. Ni kosa la miksa ya kanisani likienda upande wa pili: maiki yako ilituma ishara na nakala yake iliyopinduliwa, na kinasa sauti kikaziweka moja kushoto na nyingine kulia. Spika moja ya simu inajumlisha pande mbili zilizo kinyume na kupata sifuri. Chukua upande mmoja tu:

`ffmpeg -i mahojiano.wav -af "pan=mono|c0=c0" mahojiano-safi.wav`

Tuma faili hilo jipya. Kwa mahojiano yajayo, waya uwe na pini ya 2 kwenda ncha na pete kwa pamoja, na pini za 1 na 3 kwenda shina. Waya huo ni wa maiki zisizohitaji volti 48, yaani zile za dainamiki.